Mkono wa Kulia

Tulipomzika shangazi yangu Odile kule Kapolowe, kila mtu wa ukoo alichota udongo na kuutupa kaburini. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikachukua udongo kwa mkono wa kulia, na machozi yakanitoka kabla sijaufumbua mkono. Binamu yangu akanishika bega. "Ulimupendaka sana, yaya," akaniambia, yaani dada mkubwa. Niliitikia kwa kichwa tu, maana pale hapakuwa mahali pa kueleza mambo. Nilimpenda, ni kweli. Ila machozi ya namna ile nayajua tangu utotoni, na hata sasa sina hakika kama yalikuwa yanahusu kifo chake.

Tuliishi Shituru, mjini Likasi, katika nyumba za kampuni za matofali, karibu na kiwanda ambako baba alifanya kazi ya kupishana zamu. Upepo ukigeuka, hewa ilileta ladha ya chuma mdomoni, kama umelamba ufunguo. Nguo zilizoanikwa upande ule ziliingizwa ndani mbiombio. Sisi watoto hatukuona ajabu. Tulidhani hewa ya kila mji ina ladha yake, kama vile maji ya kila kisima yana yake.

Mwaka ule bibi mzaa mama aliugua huko Bukama, na mama akaenda kumwuguza akiwa na mdogo wangu mgongoni. Baba hakuweza kubaki na mtoto wa kike peke yake huku zamu zinamgeuza mchana kuwa usiku. Akamwita dada yake mkubwa kutoka Kapolowe. Shangazi Odile, ambaye sisi tulimwita Tantine, alishuka kwenye lori na gunia la unga, kikapu cha karanga za shamba lake, na katekisimu iliyofungwa katika kitambaa. Alikuwa amelelewa na masista wa misheni. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi mno, asiyepiga kelele. Alizaa, lakini watoto wake hawakukaa duniani.

Chakula chetu cha kwanza pamoja kilikuwa bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilinawa, nikanyoosha mkono kwenye sahani, na Tantine akanishika kiwiko tonge likiwa bado hewani.

"Bea, uko unafanya nini?"

"Niko nakula, Tantine."

"Na mukono ile?"

Niliutazama mkono wangu wa kushoto. Sikuona kasoro. Mama alikuwa akinirekebisha mara mojamoja, tena kwa kucheka, akisema nitumie mkono wa kuume. Kisha alisahau, nami nikasahau. Tantine hakuwa mtu wa kusahau. Usiku ule alizungumza na baba kwa sauti ya chini. Nililala na kusikia neno moja moja: mwanamke, ukwe, aibu. "Nani atapokea chakula yenye mwanamuke anatoa na mukono ya kushoto?" aliuliza. Baba akajibu, "Ni vile tu, yaya. Umufundishe weye."

Akanifundisha. Kabla ya kila mlo alisaga pilipili changa na chumvi kidogo, akanipaka kwenye vidole vya kushoto, taratibu, kama anayempaka mgonjwa dawa. Nikijisahau nikatia vidole hivyo mdomoni, ulimi uliwaka. Mlo mwingine aliufunga mkono ule kiunoni kwa utepe wa kitenge. Hakunichapa hata mara moja. Alikuwa anaamini kwamba ananiokoa, na nikipima maisha ya wanawake wa wakati ule, labda hakuwa amekosea kabisa juu ya wakwe.

Alichotaka nijifunze ni kutumia mkono mwingine. Nilichojifunza kwanza ni kutokuwa na njaa. Mlio wa kinu kidogo cha pilipili ulipoanza jikoni, tumbo langu lilijifunga lenyewe. Nilijifunza pia kula nikiwa peke yangu, nimechuchumaa nyuma ya mlango wa stoo, kwa mkono ninaoutaka, haraka haraka, masikio yakiwa uani. Baba aliona nakonda akasema ni kumkumbuka mama.

Halafu siku moja mambo yakageuka, na yaligeuka kwa ajali. Nilikuwa nimepakwa pilipili, na jasho likaniwasha usoni. Nikajikuna jicho kwa kidole cha kushoto. Moto ulioingia humo siwezi kuuandika. Machozi yalimwagika, sikuona sahani, na katika upofu ule nikashika bukari kwa mkono wa pili, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umenisaliti. Tonge likafika mdomoni. Nikawa natafuna na kulia.

"Njo vile," Tantine akasema, yaani ndivyo, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote. "Njo mukono ya kulia ile. Unaona? Ya kulia."

Akanifuta uso kwa pindo la kitenge chake, akanyanyuka, akarudi na karanga za kukaanga, zikiwa bado moto, akanimiminia kiganjani. Zilinukia chumvi na majivu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke yule kunishika bila kunirekebisha.

Lazima nieleze jinsi nilivyosikia neno lile. Nyumbani kwetu mkono huo uliitwa wa kuume. "Kulia" ya Tantine ilikuwa Kiswahili cha katekisimu, na mimi kulia nilikujua kwa maana moja tu. Mkono wa kulia: mkono wa kulilia. Nilikuwa nimelia, nikaambiwa ndivyo, nikapewa karanga. Mtoto angehitaji ushahidi gani zaidi? Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nilielewa ninachotakiwa kufanya: mkono ule una masharti yake, na sharti lake ni machozi.

Mlo uliofuata nilijikaza. Nilifikiria mama, nikafikiria kuku wetu aliyekanyagwa na gari, na machozi yakaja tonge lilipokuwa linapanda. Tantine akadhani bado mkono unaniuma kwa mazoea mapya. Akanihurumia. Karanga zikaja. Mlo mwingine tena, vivyo hivyo. Baada ya muda sikuhitaji tena kumfikiria kuku. Mkono ulinyanyuka na macho yakajaa, yenyewe, kama bomba lililofunguliwa na mtu mwingine. Sikuwa na huzuni yoyote. Nakumbuka nikilia na huku nahesabu vyema ni kipande kipi cha samaki kilikuwa kikubwa.

Niliposomea ualimu, miaka mingi baadaye, mkufunzi wetu wa saikolojia alieleza darasani kwamba zawadi hukaza kile kilichotangulia kufanyika, si kile mtoaji alichokusudia. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Tantine alidhani analipa mkono. Kumbe alikuwa analipa machozi. Nami niliyachapia kazi machozi hayo kama mfanyakazi mwaminifu.

Na mkono wa kulia una kazi nyingi kuliko kula. Shuleni nilipoitwa ubaoni nikashika chaki, nililia. Mwalimu akanirudisha kwenye benchi na hakuniita tena, jambo ambalo lilinifaa, kwa hiyo nililia vizuri zaidi. Kanisani, kwenye ishara ya msalaba, vidole vilipogusa paji la uso, machozi yalikuwa yameshafika shavuni. Akina mama wa nyuma yetu waliguna kwa upole. "Uyu mutoto iko na Roho," mmoja akasema, akanipa biskuti nje ya mlango. Tantine alitembea kwenda nyumbani akiwa amenyoosha shingo.

Katika lupango letu, yaani uwanja wetu uliozungushiwa ua, kulikuwa na vyumba viwili vya nyuma ambavyo baba alivipangisha. Alikaa humo Papa Furaha na mke wake na binti yao mchanga Furaha. Yeye alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaoshuka kwenye mashimo kwa kamba na tochi. Walisali katika kanisa la maombi, lile la ngoma na kukesha, si letu. Papa Furaha alikuwa na tabia ya kusalimia watoto kama watu wazima. Kila asubuhi akitoka na koleo lake alinyoosha mkono: "Mama Bea, uliamuka muzuri?" Nami nilimpa mkono wa kulia, kama nilivyofunzwa, na nililia. Alikuwa anacheka. Alisema hajawahi kupata mtu wa kumlilia hivyo akiwa mzima.

Asubuhi moja alinisalimia, nikalia, akacheka, akaenda. Mvua zilikuwa zimeanza na udongo ulikuwa mzito. Jioni wenzake walikuja bila yeye, wakasimama getini bila kuingia, na Mama Furaha alielewa kabla hawajasema. Shimo lilikuwa limejifunika.

Kilio kilifanyika uwanjani petu. Viti vilikopwa, maturubai yakafungwa, wanawake wakakaa kwenye mikeka. Nilikuwa napita na kikombe cha maji nilipomsikia Mama Furaha akisema, bila kuinua sauti, kama mtu anayejisemea: "Asubui ile uyu mutoto alimulilia bwana yangu. Alimupatia mukono, akalia. Alijua."

Nililia asubuhi nyingine zote pia. Lakini asubuhi hizo hazikuwa na maiti, na hakuna aliyezikumbuka.

Neno lile lilizunguka mikeka yote kabla maji hayajafika kwa mwenye kiu. Siku zilizofuata watoto wa jirani waliitwa ndani nikitoka. Mwanamke aliyenipa biskuti alibadili benchi kanisani. Sikujua kwamba bulozi ni uchawi, nilijua tu kwamba ni neno linalofanya watu wazima wanyamaze ukiingia. Nikafikiri labda silii vya kutosha.

Kisha mchana mmoja pasta wa kanisa lile akaja pamoja na Mama Furaha na wanawake wawili wa maombi. Baba alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, hajabadili hata ovaroli. Walikaa barazani. Pasta alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi. Hakutukana mtu.

"Papa Bea, hatukuye na hasira," alisema. "Mutoto huyu iko na kitu. Mutuachie, atabaki na shiye ku chumba ya maombi. Hatakula mpaka atasema nani alimupatia ile kitu. Akisema, ataachiliwa."

"Siku ngapi?" baba akauliza.

"Inategemea yeye."

Nilimtazama baba nikitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa anasugua vidole vyake vilivyopasuka kwa asidi, na niliona kwamba anafikiria. Hadi leo sijui angejibu nini. Alikuwa mtu mwema, na aliogopa. Katika mtaa wetu niliwajua watoto wawili waliopelekwa kwenye vyumba kama hivyo. Mmoja alirudi hasemi, mwingine hakurudi kwao tena, alionekana sokoni analala chini ya meza za nyama.

Tantine akatoka jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Mbele ya kumubeba, mumuulize kwanza," akasema. "Hakuna mwenye alimuuliza. Hata minye," akaongeza akijigusa kifua.

Akachuchumaa mbele yangu hadi macho yetu yakawa sawa. "Bea. Juu ya nini unaliaka ukipana mukono?"

Swali lilinishangaza. Nilidhani ananipima, mbele ya wageni, kama katekista anavyowapima watoto wa komunyo. Nikajibu kwa ukamilifu.

"Ni weye ulinifundisha, Tantine. Ulisema ni mukono ya kulia. Nikilia unanipatia karanga."

Mtu mmoja kwenye baraza aliachia kicheko kidogo, kisha akakimeza. Tantine hakusogea. Niliona uso wake ukirudi nyuma, siku kwa siku, mlo kwa mlo, hadi kwenye sahani ile ya kwanza. Alipoinuka, magoti yake yalilia.

"Augustin, ndugu yangu, unisikie. Na weye, pasta. Uyu mutoto alikuwa anatumika na kushoto. Minye nilimupaka pilipili ku vidole. Nilimufunga mukono. Akilia, nilimupatia karanga, nilizani namutuliza. Njo bulozi yake. Ni minye niliifanya."

Pasta alitikisa kichwa taratibu. "Mama, mutoto anaweza kufundishwa kusema bongo, kudanganya watu. Kitu yenye kuwa ndani yake iko na akili."

"Bon," Tantine akasema. "Basi tuone." Akamgeukia mjane. "Mama Furaha, unisamehe. Uko mu kilio, na minye nitakuletea matusi. Pokea mutoto mukono, lakini ya kushoto."

Wale wanawake wawili wakaguna. Kumpa mjane mkono wa kushoto ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Mama Furaha akanyoosha wake.

Mimi nikaficha mkono mgongoni. Sikuweza. Nilitazama mikono ya Tantine kuona kama ni unga kweli, au kuna kitu chini ya unga. Aliona nilichokuwa natafuta. Akalamba vidole vyake, kimoja kimoja, mbele ya watu, yeye ambaye hakulamba hata kijiko. "Ni bunga tu, mama," akasema. "Ni bunga tu." Ndipo akauchukua mkono wangu wa kushoto nyuma ya mgongo, akaufungua vidole, akauweka katika kiganja cha Mama Furaha.

Kiganja kilikuwa baridi na kikavu. Tulitazamana. Nilisubiri, wote wakasubiri. Jogoo wa jirani alipita barazani bila haraka. Macho yangu yalibaki makavu, nami nikaona haya, kwa sababu niliona watu wameinama kunitazama na mimi sina cha kuwaonyesha.

"Sasa ingine," Tantine akasema.

Nikatoa wa kulia. Haukuwa umemgusa bado, na machozi yakatiririka.

Mama Furaha hakuuachia. Alinishika mikono yote miwili, akaitazama kama mtu aliyepewa vitu viwili asivyojua atavipeleka wapi. "Alikuwa anacheka," akasema hatimaye, akimwambia pasta lakini akinitazama mimi. "Asubui ile. Alirudia mu nyumba, alisahau tochi, akaniambia mutoto wa Augustin anamulilia kama muke yake. Alikuwa anacheka." Kisha yeye mwenyewe akalia, kilio cha kweli, cha tumboni, na aliponiachia alisema, "Tuende, pasta. Tumuache mutoto."

Pasta alisimama, akanyoosha shati lake, akasema wataendelea kutuombea. Baba alimsindikiza hadi getini. Aliporudi alipita karibu nami akanishika kichwa, akaingia ndani, akalala na ovaroli lake.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo machozi yalikoma. Nilikuwa nimeshaelezwa, na nilielewa: kulia si kulia. Nilirudia neno hilo kwa maana zake zote mbili, nikalicheka. Mkono ulipopanda, nililia tu. Karanga zilipoacha kuja, nililia zaidi, kwa wiki moja hivi nililia hadi kukwama pumzi, na Tantine alikaa kando yangu akijizuia, mikono yake ameikalia. Kisha machozi yakapungua, mlo mmoja kwa mwingine, kama mvua inavyoondoka Likasi, bila siku unayoweza kuionyesha kwa kidole. Mtaa nao ulisahau, au ulipata jambo lingine. Mama Furaha alirudi kwao na mtoto wake. Hatukusikia tena habari zake.

Jambo ambalo halikuondoka ni pilipili. Kinu kiliwekwa juu ya kabati, utepe wa kitenge ukachomwa, na Tantine aliniambia kwa maneno yaliyo wazi: kula na mkono unaoutaka. Baba pia aliniambia. Mkono wa kushoto haukutaka. Uliketi juu ya paja langu wakati wa chakula, na hata nilipoudanganya, nikiuweka karibu na sahani kana kwamba umejikuta hapo tu, vidole vilijikunja. Hakuna aliyenikataza. Nilikula kwa mkono wa kulia, na ndivyo ninavyokula hadi leo.

Tantine aliona. Siku moja, bila kutangaza lolote, alinawa, akakaa, akachukua bukari kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake havikujua namna ya kukata tonge. Kilichotoka kilikuwa kipande chenye pembe, na kikaanguka kwenye mchuzi. Baba aliacha kutafuna. Tantine akakata kingine. Kuanzia siku hiyo alikula hivyo kila mlo, hata walipokuja wageni wa parokia, hata alipokuja katekista, ambaye alitazama pembeni kwa adabu. Alichafua vitenge vyake vyote. Hakunitazama kuona kama namfuata. Alikuwa anakula tu.

Sikumfuata. Nilitaka, na sikuweza, na nadhani alijua.

Mama alirudi kutoka Bukama mvua zilipokwisha, amekonda, amemzika bibi, mdogo wangu akiwa ameanza kutembea. Tantine alikuwa amepika sombe kwa samaki, mlo wa kumpokea, na sote tulikaa pamoja kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Mama alinitazama nikikata tonge kwa mkono wa kulia, vizuri, kama binti aliyelelewa, akatabasamu. Kisha akageuka, akamwona wifi yake mkubwa, mwanafunzi wa masista, na mchuzi ukimtiririka kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Yaya Odile," akasema kwa woga, "ulipata nini ku mukono ya kuume?"

"Hakuna kitu," Tantine akajibu. "Niko najifundisha."

Tonge lilimwangukia mapajani. Akaliokota kwa mkono uleule, akalila.